Kichupa cha Saa Tisa Usiku

Damu ya Nyanzala, siku arobaini na moja,
haijazi kizibo cha soda.
Naipokea maabara, kilimani Bugando,
ingali na joto la mfuko wa nesi.

Kabla ya kisu alipewa steroidi,
mwili usije ukaikasirikia mashine
iliyokuwa moyo wake kwa dakika tisini.
Sasa wanauliza: tezi zile mbili,
zinazokaa juu ya figo kama kofia,
bado zinajua kuogopa?

Neno hofu hajalijua.
Kortisoli ndiyo inayolisema.

Mwanza imelala juu ya mawe yake.
Dirishani namwona mama yake
akisuuza kanga ileile, mara ya tatu.

Namba inatoka. Ndogo mno.
Nampigia Dokta Mutalemwa:
"Hajashtuka."
"Basi tushtuke sisi."

Simu inakatika. Kandambili ngazini, mbiombio.