Likizo ya Masika

Hoteli hufungwa mwezi wa Mei.
Meneja hutukusanya jikoni, hukohoa, husema "likizo",
neno tamu kulitamka, mshahara wake nusu,
nasi twaitikia kama walioalikwa arusi
isiyotajwa bibi arusi.

Mwaka huu, Nyevu, nimeamua kuichukua kwa jina lake.
Nimetwaa karatasi ya dobi,
ile yenye safu za mashuka, foronya, taulo kubwa, taulo ndogo,
nikaigeuza mgongo, nikaandika: Safari ya Mbeyu.
Siku mbili.
Nilianza na tano, ada ya Kazungu ikala tatu.

Siendi mbali. Mambrui, ng'ambo ya Sabaki.
Nauli nimepatana na Tsofa wa tuktuk:
mia nne kwenda, kurudi tutaonana.
Kuna mama wa Kibajuni anakodisha vyumba vitatu,
anasema maji ya bomba yapo, kwa kawaida.
Nimemuuliza mara mbili
hiyo kawaida ina siku ngapi kwa wiki.

Wageni wa namba kumi na saba huuliza kabla hawajafika:
je, kutakuwa na jua?
Mimi nimeuliza kama kutakuwa na mvua.
Miaka kumi na miwili mvua ya Malindi
naiona kwa upande wa ndoo tu;
najua kila pahali makuti yanapovuja,
sijui inavyonyesha mtu akiwa amekaa.
Nataka niione ikitoka baharini,
ichane majani ya migomba,
mchunga uchomoze hadi kwenye nyufa za ukuta,
vyura wabishane usiku kucha kama kamati ya harambee.
Kijani kile wageni hawajapata kukiona.
Wao huja kikishafifia, wakakisifu.

Chakula: nimeandika, nikafuta, nikaandika.
Mahamri na mbaazi, asipike mtu ninayemjua.
Samaki wa kupaka, nimle polepole,
miba niiache mezani
aje mwingine aikusanye.

Vya kubeba: leso mbili, dira la maua,
redio ya Kaingu bila Kaingu
(amesema atakuja, nimesema tutaona),
na kitabu alichosahau mgeni, cha Kitaliano;
sikielewi, ila jaladani kuna paka
aliyelala kama mwenye nyumba.

Halafu kitanda. Hapo, Nyevu, ndipo mpango ulipokwama.
Nimeapa kwa kaburi la hawe
kwamba asubuhi ile nitaamka
niliache godoro kama lilivyo,
mto sakafuni, neti imening'inia upande,
nitoke, nifunge mlango, nisigeuke.

Yule mama ana msichana wa usafi.
Niliuliza jina: Dzame.
Ana miaka kumi na tisa, hulipwa kwa chumba.

Jana usiku nilikuwa nausoma mpango kichwani,
mstari kwa mstari, taa imezimwa,
nikahisi mikono yangu juu ya kifua
inatafuta pembe ya shuka.
Kona ya kwanza. Kona ya pili.
Nyoosha. Chomeka.

Nikawasha taa, nikaongeza chini kabisa,
pale upande wa pili panapoandikwa jumla:
Bahashishi ya Dzame, mia mbili.
Ikibidi, nitarudi kwa miguu.