Saba ya Bati

Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya ubao.
Hamkuniona. Mliona mkono tu,
mkono wenye glavu ya sufi, hata mwezi wa Julai,
maana bati la Brannock likipigwa na jua
huunguza kama kikaango.

Mwaka ule wa hamsini na moja tulifungwa mara tisini na nane.
Nalisema mapema, msije mkasubiri muujiza.

Kila namba ilikuwa na msumari wake.
Sifuri za wenyeji zilichakaa hadi rangi ikabanduka,
ikabaki duara ya kutu,
kama alama ya kikombe mezani.
Moja zilitumika. Mbili, kwa nadra.
Kuanzia tano kwenda juu, upande wetu,
ziling'aa kama siku zilipotoka kwa fundi;
buibui alikuwa ameotamia nyuma ya sita.

Kupitia tundu la zamu ya nne niliwatazama:
Lubomir Hudak, mrushaji, mtu wa mkono wa kushoto,
nusu ya goti lake ilibaki vitani, Italia.
Mpira wake wa kupinda haukupinda tena,
ulikwenda moja kwa moja
kama barua ya deni.
Cletus Wambold, kituo cha tatu,
aliudaka mpira vizuri, vizuri kabisa,
kisha akautupa jukwaani kwa muuza karanga.
Na kocha Prewitt, ambaye Juni aliacha kutukana.
Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu.

La kuvunda halina ubani.
Aprili walikuja watu elfu tatu;
Agosti niliwahesabu kwa kidole,
mia moja na kumi na wawili, na mbwa.
Wengine walikuja kwa sababu nyumbani kuna joto
na king'ora cha kiwanda hakilii hadi saa tano usiku.
Bi. Zelenka, mjane, alikaa safu ya kwanza
akimtukana refa kwa Kislovakia,
na refa, naye Mslovakia,
akiinamisha kichwa kama mtoto wa nyumbani.

Basi, Jumapili ya mwisho.
Zamu ya tatu, sijui nini kiliwapata.
Wambold aligonga. Aliyemfuata akagonga.
Hudak, Hudak mwenyewe, na goti lile,
akaupeleka mpira hadi kwenye uzio, chini ya miguu yangu,
nikausikia ukigota kwenye mbao: ko.
Wakazunguka, wakazunguka,
nami nikasahau kuhesabu.

Niliiondoa saba msumarini.
Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.
Nilipoipachika, watu waliacha kutazama uwanja,
wakautazama ubao.

Mvua ikaja kutoka mtoni katikati ya zamu ya nne.

Sheria mnaijua: mechi isiyofika zamu ya tano
haihesabiki. Refa alingoja saa nzima na robo
chini ya mwavuli wa Bi. Zelenka,
kisha akainua mikono yote miwili.
Si ushindi, si sare, hata kipigo si kipigo.
Haikuwapo.

Kazi yangu ni kushusha namba.
Nilishusha sifuri za wageni, nikazifuta kwa mafuta ya taa,
nikazirudisha kwenye misumari.
Mlango wa nyuma ukasukumwa. Hudak, ameloa chepechepe,
mchezaji wa kwanza kuingia humo tangu nianze kazi.
Aliuliza kama panaruhusiwa sigara.
Tukavuta. Maji yalipiga bati, hatukusikilizana vizuri.
Aliitazama saba kwa nyuma, pale isipopakwa rangi,
pale ambapo ni bati tu na tundu mbili.
"Unaishusha lini?"
Nikasema, "Kesho."

Kesho yake hapakuwa na mechi,
wala kesho kutwa,
wala mtondo.