Kisanduku cha Saba

Fomu ina visanduku saba. Sita nimevijaza kabla jua halijawa kali:
mbio, pumzi, mkono wa kulia, mkono wa kushoto,
ukakamavu, pigo la kona fupi.
Nina saa ya kuhesabia, nina utepe wa fundi cherehani.
Cha saba kimeandikwa *Akili ya mchezo, kati ya kumi*,
na hapo penseli yangu hugoma
kama punda wa Mji wa Kale aliyeonyeshwa ngazi.

Tononoka, Alhamisi.
Jumamosi vilabu sita vitakaa mezani vichague kwa zamu,
aliyeshika mkia akianza.
Wasichana arobaini na mmoja, nambari za karatasi mgongoni,
jasho limeshaanza kuzilegeza.

Nyevu wote wamemwona. Nami nimemwona, si kipofu.
Akishika gongo, mpira humganda kama kupe;
huwapita watatu, wanne,
kisha hujikuta peke yake kwenye kibendera cha pembeni
na mabeki wamesharudi, wanamngoja.
Meneja mmoja ananikonyeza: "Huyo ni umeme."
Umeme, naam. Na umeme wetu waujua, bwana:
hukatika pale pale unapotaka kupiga pasi.

Nambari thelathini na mbili, Mbodze, wa Mishomoroni.
Viatu vya kuazima, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani.
Hakimbii sana. Asiyejua angemwita mvivu.
Marehemu Mwalimu Fonseka alinifunza:
"Mpira kila mtu anautazama, hata muuza kashata.
Wewe tazama shingo."
Shingo ya Mbodze: kulia, kushoto, tena kulia,
na mpira ungali kwa watu wawili mbali naye.
Ukimfikia, keshajibu.

Mara akaupiga mahali pasipo mtu.
Jukwaa likaangua kicheko. Mwenzake akainua mikono: wampa nani?
Mimi pale mahali nilipaona.
Palikuwa na mtu, ila hajafika;
alikuwa hatua nane nyuma, ameinua mikono.
Kosa hilo niliandike kwa jina la nani?

Na yangu niyaseme.
Miaka tisa nyuma nilimpa Saumu tisa, nikaapa.
Akaenda klabuni, akaona kila kitu,
akaogopa kukigusa.
Leo anauza simu Mwembe Tayari
na hunisalimu vizuri mno.

Saa saba. Mbaazi na mahamri,
foleni moja imejikunja hadi langoni, nami nimo.
Mbodze kasimama peke yake kando ya dirisha lililofungwa,
sahani kwapani, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.
"We! Hapo hapauzwi!" wanamcheka.
Nikaifuata shingo yake:
kule nyuma ya choo, mama mmoja anateremsha sufuria la pili
kutoka kwenye tuktuk,
anapapasa ncha ya leso, anatafuta ufunguo.

Dirisha likafunguka.
Mbodze wa kwanza. Hakuisogeza sahani yake.
Aligeuka kwanza, akamwita Nyevu,
na Nyevu, ambaye miguu yake haijui kuuliza,
alikuwa ameshafika.

Nikaweka fomu juu ya goti, pale pale kwenye foleni.
Nikaandika nane. Nikafuta.
Nikaandika nane tena, karatasi ikatoboka kidogo.
Pambizoni, kwa herufi ndogo:
*Asichaguliwe bila wa kumkimbilia.*
Wataisoma? Meza ya Jumamosi husoma tarakimu.

Nilipoinua macho
mahamri yalikuwa yamekwisha kwenye dirisha letu,
na mimi, mtaalamu wa kuona mbali,
nilikuwa bado wa ishirini na tatu.