Usimwamshe Aliyelala

Betri iliahidiwa siku tisini.
Ilikufa siku ya kumi na moja,
zahanati ya Kizuiani, juu ya friji ya chanjo,
na nesi Edina akanipigia saa mbili asubuhi:
"Kidude chako kimezima. Friji nimeipima kwa mkono
kama ninavyopima mtoto homa."

Nikakirudisha chumbani kwangu, Kijitonyama,
nikakifungua kwa bisibisi ya cherehani,
nikakiunganisha na mita inayosoma umeme mdogo kabisa,
nikakesha nacho, mimi na feni.

Hakina kazi. Usiku kucha hakina kazi.
Joto hupimwa mara moja kila robo saa:
nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi tano,
basi.
Lakini ndani, kwenye kiini, kipima-muda
kinabisha hodi mara mia kwa sekunde.
Kuna kitu?
Hakuna.
Kuna kitu?
Hakuna.
Kuna
na kila hodi kichakataji kinaamka,
kinavaa, kinawasha taa, kinafungua mlango,
hakioni mtu, kinarudi kitandani,
hakijajifunika shuka.

Namjua mtu wa namna hiyo.
Wiki ile mama alipolazwa Mwananyamala
niliifunua simu isiyolia
mpaka chaji ikaisha, na ndipo walipopiga.

Nikayafuta mapigo yote.
Nikaandika: tazama kwanza kazi ijayo ni lini,
tega saa moja tu, ya wakati huo,
kisha lala, usijigeuzegeuze.
Na vijikazi nikavifunga furushi moja,
kama Mama Sikudhani, jirani yangu,
anavyomtuma Shomari dukani:
mtoto hatoki kwa kiberiti peke yake,
hungoja chumvi iishe, na sabuni,
ndipo akimbie mara moja, arudi.

Tarakimu za mita zikaanza kuporomoka.
Miliampea kumi na mbili. Nne. Moja.
Kisha sifuri, nukta, sifuri, sifuri,
na nikacheka peke yangu saa saba usiku
kama mtu aliyeokota hela.

Robo saa ikapita.
Nusu saa.
Kidude hakikuamka.

Usimwamshe aliyelala, wahenga walionya,
ukimwamsha utalala wewe.
Hawakutuambia habari za mwamshaji
aliyelala kitanda kimoja na mwenye kuamshwa.
Kipima-muda changu na kichakataji
vilikuwa vinakula kwenye waya uleule;
nilipoukata, saa niliyoitega
ilisinzia na hesabu mkononi.

Pembeni mwa ubao ipo saa nyingine,
kipande cha fuwele, chembe ya mchele,
nzito wa kuhesabu, haijui vipande vidogo vya sekunde,
ila hailali, na inachokula
hata sisimizi asingekiita chakula.
Hiyo nikaikabidhi zamu.

Nasema nikaikabidhi, kwa maandishi.
Ng'ambo ya barabara Ligola, mlinzi wa jengo la bima,
haondoki kabla ya kuandika daftarini:
funguo saba, taa ya ngazi imeungua, hali shwari.
Nami nikaandika rejista zote kabla ya giza:
ulikuwa umefika wapi, ulikuwa unamsubiri nani.
Na ukiamka, usidai kwamba ni bado jana.
Muulize aliyekesha muda gani umepita,
ujumlishe, uendelee.

Saa kumi na moja alfajiri
LUKU ikaisha, feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama.
Mezani, kwa betri yake, kidude kikafumbua jicho,
kikapima joto la chumba changu,
nyuzi ishirini na tisa,
kikalala.

Mama yuko kwa dada sasa, anakula uji.
Zamu ya usiku ni ya dada; akipiga, nitaamka.
Nimeilaza simu kifudifudi.

Kwenye kumbukumbu za kidude naona
kimechelewa sekunde mbili.
Hizo nitazitafuta kesho.