Nusu Uzi

Alhamisi, saa moja kasoro, Mulandi anarudi kutoka Kabete
na mtungi wa nitrojeni, wa kuazima
kwa watu wanaogandisha mbegu za madume ya ng'ombe.
Mtungi unafuka. Askari wa lango la Chiromo
anauliza kama ni uji.

Kidonge chetu ni cheusi, hakifiki kifungo cha koti:
itriamu, bariamu, shaba, na oksijeni
tuliyokilisha tanurini siku tatu,
stima ikipotea mara mbili.
Kikipoa, sumaku huelea juu yake.
Wageni hupiga picha, wakaenda zao.

Sisi tulibaki na swali.

Elektroni hazipatani, kila moja huisukuma nyingine,
ila humu zimeshikana mbili mbili.
Zimeshikanaje? Sawa pande zote, kama ngumi?
Au kwa petali nne, chanya, hasi, chanya, hasi,
na kwenye mshazari, kati ya petali na petali,
mshiko ni sufuri?

Dokta Kwamboka hasemi "amini."
Anasema, "Zungusha koili."
Pima sumaku inavyoipenya ngozi ya kidonge
joto likipanda kutoka chini.
Penye mshiko kote, mstari hulala kwanza.
Penye mwanya, huinuka papo hapo, umenyooka.
Lakini hiyo chini ni chini kweli,
nusu uzi juu ya baridi ya mwisho;
inataka heliamu,
na heliamu ya Nairobi ni ya maputo.

Jioni nilimweleza mama kwa simu, yuko Mwala, anasuka.
Akasema: hilo limenipata.
Nyekundu, nyeupe, nyekundu, nikakosea hesabu,
kiondo kilipofunga duara
nyekundu ikagongana na nyekundu.
Ukafumua?
Nifumue, na mkonge ni wa kununua?
Niliingiza nusu uzi.
Kimepinda kidogo. Kinabeba maharagwe hadi leo.

Nikanyamaza. Ndivyo pete ya fuwele tatu ifanyavyo:
ishara ikirudi nyumbani kinyume,
pete hujizalia sumaku, bila kuombwa,
nusu ya kipande kisichogawika.
Nusu hiyo ndiyo shahidi.

Daftarini nimeandika:
nyuzi tisini na moja, marudio yakaruka.
Chini ya hapo, karatasi nyeupe.

Mulandi ananigongea dirisha. Mtungi, jamani.
Madume ya Kabete hayana subira.