Meneja Hajakojoa

Siku ya tatu Meneja hakupanda juu ya magunia.
Alijikunja nyuma ya mizani,
na panya mmoja akapita mbele yake
polepole, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

Nilizima mota. Wateja wakanung'unika.
Kinu kimeharibika?
Hapana. Ni paka.
Mwenye debe la mtama akauliza
kama paka naye yumo kwenye mshahara.
Yumo, nikamwambia: kiganja cha omena kila jioni,
na cha juzi bado kiko pale, sisimizi wanakihamisha.

Basi Webuye nzima ikawa daktari.

Mama Namalwa wa vitunguu: mpe maziwa ya moto na samli.
Mukhwana fundi baiskeli: mafuta ya taa, tone moja, puani.
(Ningempiga kwa spana yake mwenyewe.)
Kijana wa duka la dawa za mifugo
aliuliza uzito wa ng'ombe.
Kilo nne, nikasema.
Akanitazama kwa muda.
"Ni ndama?"

Kwenye dawa za watu, binti wa koti jeupe
alinivunjia kidonge cha maumivu katikati:
"Kinamsaidia mtoto, kitamshinda paka?"
Nikalipa shilingi tano.
Nikakibeba nusu hicho kiganjani
kupita soko, kupita reli,
kiganja kikitoa jasho, kidonge kikigeuka uji.

Sijui ningefanya nini, kama si sauti ile.
Alikuwa kwenye karai lake la mchanga,
amechuchumaa, anasukuma, analia,
si nyau ya njaa, hiyo naijua,
wala ile ya juu ya bati usiku wa kutafuta wake.
Nyembamba. Kama komeo lenye kutu
linavutwa na mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba.
Akatoka. Mchanga ulikuwa mkavu.

Jumanne Bi Cheprot hupita akitoka Kimilili
kupiga ng'ombe sindano za mimba,
mtungi wa mbegu umefungwa nyuma ya pikipiki.
Nilimsimamisha kwa mikono miwili, kama kuna ajali.
Daktari, nikasema, najua wewe ni wa ng'ombe,
najua huyu hana maziwa wala bei,
lakini

Hakucheka. Hakusema mpe hiki, mpe kile.
Alivua kofia ya chuma, akauliza.
Dume? Dume.
Amekula lini? Jumapili.
Ametapika? Leo asubuhi, povu.
Amekojoa lini?

Siku tatu za ushauri,
na hakuna aliyeuliza hilo.
Hata mimi, ninayelala naye chumba kimoja.

Vidole viwili tumboni: gumu, chungwa bichi.
"Njia imeziba. Hii haingoji kesho."
Kisha: "Na mkononi umeshika nini?"
Nikafungua. Uji mweupe.
Ndipo nilipoona uso wake ukibadilika.
"Nawa," akasema. "Nawa sana.
Hicho kwa paka ni sumu."

Tulikwenda Bungoma, kwa mwenzake mwenye mipira myembamba,
mimi nyuma, mtungi katikati,
Meneja ndani ya kikapu cha mayai kilichofunikwa kanga,
akilia kila tuta la barabara,
nami nikiyashukuru matuta, maana analia.

Gharama? Magunia mawili ya mahindi.
Mwenye debe la mtama ameshalitangaza soko zima.
Atangaze.
Ukutani, chini ya bei ya kusaga gorogoro,
nimeandika kwa makaa namba ya Cheprot,
na kila anayekuja na mbuzi aliyezubaa namwonyesha,
ila kwanza namuuliza swali.
Wananiona nimeharibikiwa.

Usiku nasikia kucha kwenye karai.
Naamka, nawasha tochi,
natia kidole.
Mbichi.
Narudi kulala.