Kisanduku cha Tisa

Faili la Daktari Nyholm lilikuja kwa posta,
si kwa kompyuta kama mengine yote.
Bahasha ya kaki, mdomo umezibwa kwa plasta ya hospitali,
na ndani harufu ya karafuu,
ile ya kutuliza jino, si ya pilau.

Nilikuwa mezani jikoni, Duluth, Januari,
theluji imeukaba mlango wa nyuma,
mbele yangu visanduku kumi na vinne:
Malengo ya somo yameandikwa?
Mkufunzi ametaja anayemlipa?
Weka alama. Au usiweke.

Huyu ndiye aliyenifundisha kushika kioo,
Hibbing, chini ya kanisa la Kilutheri,
akanigusa kiwiko: "Legeza, Marit. Si nyundo hiyo."
Kila Machi hadi leo
huwakusanya madaktari wa miji ya migodi,
huwapikia supu ya njegere,
huwapa mataya ya nguruwe kutoka buchani kwa Sorvari
wachimbe, wazibe, wachimbe tena
mpaka vidole vielewe.

Penye malengo ameandika kwa penseli:
"Jioni wajue kuliko asubuhi."
Nilicheka peke yangu.
Kisha nikakiacha kisanduku wazi.

Faili la pili, la kampuni ya vipandikizi vya Minneapolis,
kurasa mia mbili na kumi, majedwali yamenyooka
kama meno ya tangazo.
Nembo yao iko pembeni mwa kila picha, ndogo kama chawa.
Na swali la mwisho la mtihani:
Kipandikizi kipi ni bora?
Nadhani jibu unalijua.
Hao nao niliwaachia kisanduku wazi,
na mkono haukunitetemeka.

Kisanduku cha tisa: mahudhurio, kuingia na kutoka.
Nyholm ameambatisha karatasi moja
yenye duara la kitako cha bakuli
na majina kumi na saba.
La sita, Gunnar Eskola, saa mbili asubuhi.
Ila mkewe alishanisimulia, bila kuulizwa,
jinsi siku ile Gunnar alivyochomoka saa tatu
kwenda kumwona mjukuu akicheza magongo barafuni,
akarudi supu ikiwa bado moto.

Somo la saa tatu lilikuwa neva ya taya la chini,
inapopita, na jinsi ya kuikwepa.

Bi Odile Charbonneau wa Cloquet
hajasikia kijiko mdomoni tangu Oktoba.
Chai humchuruzika kidevuni mbele ya wageni
naye hana habari.
Ukutani kwa daktari wake, Eskola,
kuna cheti chenye saini ya mwalimu wangu:
saa nane, zote nane.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Nilikuwa nikidhani ni msemo wa wenye maduka.

Kabla ya kikao niliinua mkono, nikasema: alinifundisha.
Sikupiga kura.
Lakini visanduku vyangu vilisomwa,
na Daktari Velankar, mpole kuliko sisi sote,
alikaa kimya kwenye cha tisa
muda mrefu kiasi cha mtu kudhani simu imekatika.
"Asitambuliwe," akasema. "Kwa sasa."

Jumamosi niliendesha hadi Hibbing
na daftari jipya kwenye kiti cha abiria.
Mzee ana miaka themanini na mmoja.
Barua alikwisha kuisoma; ilikuwa juu ya friji,
imeshikwa na sumaku yenye umbo la gego.
Hakunilaumu. Aliuliza tu kuhusu yule mama,
mara mbili, jina lake na herufi zake,
akaliandika kwenye kiganja.

Kisha akavaa miwani, akafungua daftari,
akajaza mstari wa kwanza yeye mwenyewe:
Arvid Nyholm. Kuingia: saa nne na robo.
Kalamu ikasimama kwenye safu ya pili.
"Na kutoka?"
"Ukimaliza," nikamwambia.
Akalisukuma daftari upande wangu.
"Basi hapo mtanijazia nyinyi."